John Garang: Amani iliyotiwa saini Nyayo na mkoba alioondoka nao

Ukipanda matatu ya nambari 46 kutoka Kawangware asubuhi, si ajabu kusikia Kiarabu cha Juba kikichanganywa na Kiswahili cha mtaa kwenye kiti cha nyuma. Ni vijana wa Sudan Kusini. Mmoja anaenda chuo, mwingine kazini, mwingine anaenda tu town kufuatilia karatasi za uhamiaji. Wapo wanaoishi Lavington na Kilimani katika nyumba za wenye uwezo, na wapo wanaogawana chumba kimoja Kawangware au Kangemi. Waulize kwao ni wapi, watakutajia Bor, Malakal, Bentiu, Yei au Juba, ingawa wengine wao miji hiyo wanaijua kwa picha za simu tu.

Sasa shuka katikati ya jiji, ufuate Uhuru Highway kuelekea Mombasa Road. Ukishavuka Haile Selassie na Bunyala, unakutana na uwanja wa Nyayo. Sisi tunaujua kwa mechi za Gor na Ingwe, mashindano ya riadha na sherehe za kitaifa. Lakini Jumapili ya Januari 9, 2005, watu waliojaa pale hawakuja kutazama mpira. Walikuja kuona vita vilivyodumu zaidi ya miaka 21 vikimalizwa kwa kalamu.

Mmoja wa waliotia saini alikuwa mwanamume mwenye mwili mkubwa, ndevu zilizoanza kupata mvi na kicheko cha karibu. Jina lake John Garang de Mabior. Miezi saba baadaye alikuwa kaburini. Kizazi cha leo kinamjua kama sura kwenye noti za pauni ya Sudan Kusini. Kwani huyu mzee alikuwa nani, na kwa nini amani aliyoileta haikukaa?

Yatima wa Wangulei

Garang alizaliwa Juni 23, 1945 katika kijiji cha Wangulei, si mbali sana na Bor, kwenye nchi tambarare ya mto Nile ambako utajiri wa mtu huhesabiwa kwa ng'ombe. Alikuwa Mdinka. Alifiwa na wazazi wote wawili akiwa bado mtoto, na jamaa wa ukoo ndio waliomlipia karo.

Sudan ilipata uhuru mwaka 1956, lakini hata kabla bendera haijapandishwa, vita vilikuwa vimeanza kusini mwaka 1955. Watu wa kusini waliona kwamba Mwingereza anaondoka na nchi inabaki mikononi mwa wachache wa Khartoum. Shule, barabara, vyeo na pesa vyote vilikuwa kaskazini. Wapiganaji wa kusini walijiita Anyanya.

Mnamo 1962 Garang, kijana wa miaka 17 hivi, alienda kujiunga nao. Wakubwa walimtazama wakaona ni mdogo mno. Wakamwambia akasome kwanza. Fikiria hiyo: umeenda vitani, unarudishwa darasani. Ndivyo alivyoishia Tanzania kumalizia sekondari, kisha akapata ufadhili wa kwenda Marekani.

Mwaka 1969 alihitimu shahada ya uchumi katika Chuo cha Grinnell, jimbo la Iowa. Alipata nafasi ya kuendelea na masomo Berkeley, California, nafasi ambayo wengi wetu tungeikubali kabla barua haijafunguliwa vizuri. Yeye aliamua kurudi Afrika Mashariki kuchunguza uchumi wa kilimo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Siku hizo Dar ilichemka. Wanafunzi walibishana usiku kucha kuhusu ukombozi wa Afrika, na katika kikundi chao cha kimapinduzi alikuwamo kijana mwingine kutoka Uganda, Yoweri Museveni. Urafiki huo ungekuwa na uzito mkubwa baadaye, hata katika safari yake ya mwisho.

Alirudi msituni na kujiunga na Anyanya. Lakini hakupigana sana, maana mwaka 1972 vita vilisimama.

Amani ya kwanza ilivyovunjika

Mkataba wa Addis Ababa wa 1972 uliipa Sudan ya kusini serikali yake ya eneo, makao yakiwa Juba. Wapiganaji wa Anyanya waliingizwa katika jeshi la taifa, na Garang akawa ofisa. Serikali ilimpeleka Fort Benning, Marekani, kwa mafunzo ya kijeshi. Baadaye alirudi Iowa na kupata udaktari wa falsafa katika uchumi wa kilimo mwaka 1981.

Tasnifu yake ilihusu eneo la mradi wa Mfereji wa Jonglei. Mfereji huo wa kilomita 360 ulikusudiwa kuyapitisha maji ya Nile kando ya kinamasi cha Sudd ili yafike Khartoum na Misri kwa wingi zaidi. Garang alijiuliza swali la mtu wa nyumbani: wenyeji ambao maji yanapita kwao watapata nini? Mwaka 1984 jeshi lake mwenyewe lilishambulia kambi ya wachimbaji na kazi ikasimama. Mashine kubwa ya kuchimbia iliachwa palepale ikila kutu.

Swali hilo la nani anapata nini ndilo lililovunja amani ya 1972. Mwaka 1978 kampuni ya Chevron iligundua mafuta karibu na Bentiu, kusini. Ghafla Khartoum ikaanza kutaka mipaka ichorwe upya, na mipango ya kiwanda cha kusafishia mafuta ikaelekezwa Kosti, kaskazini.

Kisha Rais Jaafar Nimeiri akafanya jambo ambalo mpaka leo linaleta mabishano Juba. Juni 1983 aliigawa kusini katika maeneo matatu: Equatoria, Bahr el Ghazal na Upper Nile. Serikali moja ya kusini ikafa. Hapa tusimlaumu Nimeiri peke yake, kwa sababu kulikuwa na watu wa kusini wenyewe waliotaka mgawanyo huo, hasa wanasiasa wa Equatoria waliohisi kwamba Wadinka wamejaa katika kila ofisi ya Juba. Mgawanyo huo uliitwa kokora, neno la Kibari linalomaanisha kugawana. Watu ambao si wa Equatoria walilazimika kufunga virago na kurudi kwao.

Kwa hivyo kabla hata vita vya pili havijaanza, kusini tayari ilikuwa na kidonda chake cha ndani. Khartoum ilikijua na ikajifunza kukitonesha kila ilipohitaji.

Likizo iliyogeuka miaka 22

Mei 1983 wanajeshi wa kikosi nambari 105 mjini Bor, wakiongozwa na Kerubino Kuanyin Bol, walikataa kuhamishiwa kaskazini. Kanali Garang, ambaye wakati huo alifanya kazi Khartoum, alikuwa amefika Bor kwa likizo. Mei 16 risasi zililia. Waasi walikimbilia Ethiopia, Garang akawafuata, na ndani ya miezi michache wakaunda chama cha SPLM na jeshi lake, SPLA. Yeye akawa kinara wa vyote viwili. Septemba mwaka huohuo Nimeiri alitangaza sheria za Kiislamu kwa nchi nzima, na moto ukapata petroli.

Hapa ndipo Garang alipotofautiana na wenzake wengi. Wengi walitaka kujitenga. Yeye alisema hapana, tatizo si kusini dhidi ya kaskazini. Tatizo ni kituo kimoja, Khartoum, kinachonyonya pande zote: Darfur magharibi, Wabeja mashariki, Milima ya Nuba, Blue Nile na kusini. Alitaka Sudan Mpya, nchi moja ambayo Mwarabu na Mwafrika, Mwislamu na Mkristo wangekuwa na haki sawa. Ndiyo maana vijana wa Nuba, wengi wao Waislamu, walibeba bunduki chini ya bendera yake.

Wazo lilikuwa zuri, lakini uendeshaji wake ulikuwa wa mkono wa chuma. Maofisa waliompinga walifungwa miaka mingi bila kesi, na wengine hawakutoka hai. Watoto waliingizwa jeshini. Kwa miaka 11 ya kwanza chama hakikuwa na mkutano mkuu hata mmoja. Maamuzi yalitoka kwa mtu mmoja.

Ndugu kwa ndugu

Mei 1991 Mengistu Haile Mariam alianguka Ethiopia, na SPLA ikapoteza mfadhili wake mkubwa na kambi zake. Maelfu ya watoto waliokuwa kambini walitembea kurudi Sudan, na wengi wao mwaka 1992 wakafika Kakuma, Turkana.

Agosti 1991, Riek Machar na Lam Akol walitangaza mjini Nasir kwamba wamempindua Garang. Walimlaumu kwa udikteta, na wao walitaka kusini ijitenge. Mapinduzi yalishindikana, ila jeshi lilipasuka katikati. Machar ni Mnuer, Garang ni Mdinka, na haikuchukua muda ugomvi wa vyeo ukageuka kuwa ugomvi wa damu. Mnamo Novemba wapiganaji wa upande wa Machar waliingia Bor, nyumbani kwa Garang. Amnesty International ilikadiria raia 2,000 waliuawa. Ng'ombe walichukuliwa, na njaa ikafuata. Miaka iliyofuata watu wa kusini waliuana wao kwa wao kwa wingi wa kutisha, na Khartoum ikawa inampa silaha yeyote aliyekubali kumpiga mwenzake.

Kwa jumla vita hivyo, pamoja na njaa na maradhi yaliyoandamana navyo, vinakadiriwa kuua watu milioni 2 na kuwafukuza milioni 4 kutoka makwao.

Nairobi, mji mkuu wa pembeni

Katika miaka hiyo yote Nairobi ilikuwa kama mji mkuu wa pili wa kusini. Chakula cha msaada kilirushwa kwa ndege kutoka Lokichoggio, lakini ofisi zilizopanga safari hizo zilikuwa hapa. Kitengo cha misaada cha SPLM kilikuwa hapa. Mashirika yalikodi majumba upande wa magharibi wa jiji, na viongozi wakaleta familia zao zisome na kuishi kwa usalama. Mke wa Garang, Rebecca Nyandeng, na watoto wao waliishi Nairobi. Watoto hao walikua kama Wanairobi wengine, baba wakimsikia redioni zaidi ya kumwona mezani.

Ugomvi nao ulikuja kwa ndege hizohizo. Kina Garang na kina Machar walikuwa na wafuasi wao papa hapa, na ungeweza kujua mtu ni wa upande upi kwa kanisa analosali na lugha anayoongea baada ya ibada.

Lakini dawa pia ilipikwa Nairobi. Baraza la makanisa ya Sudan lililokuwa na makao jijini humu lilianza kuwakutanisha machifu wa Kidinka na Kinuer. Mnamo 1999, katika kijiji cha Wunlit, Bahr el Ghazal, mamia ya machifu, wazee na akina mama walikaa chini kwa siku kadhaa. Kila upande ulitaja waliouawa, wasichana waliotekwa na mifugo iliyoibwa, upande wa pili ukisikiliza bila kukatiza. Fahali mweupe alichinjwa na kiapo kikaliwa. Watekwa walirudishwa na malisho yakafunguliwa.

Makamanda hawakuongoza kikao hicho. Waliogombana uso kwa uso, yaani majirani, ndio waliopatana uso kwa uso. Hili ulikumbuke, tutalirudia.

Miaka mitatu baadaye wakubwa nao walifuata. Januari 2002 Garang na Machar walitia saini maelewano jijini Nairobi na majeshi yao yakaungana tena.

Kutoka Machakos hadi Nyayo

Wakati huo mazungumzo makubwa na Khartoum yalikuwa chini ya IGAD. Rais Moi alikuwa amemteua Jenerali Lazaro Sumbeiywo kuwa mpatanishi. Julai 20, 2002 pande mbili zilikubaliana Machakos juu ya jambo lililokuwa limeshindikana kwa miaka: kusini itajitawala kwa miaka 6, kisha ipige kura ya kuamua kubaki au kuondoka.

Septemba 2003 Garang na Makamu wa Rais wa Sudan, Ali Osman Taha, walikutana Naivasha. Taha ndiye aliyekuwa na sauti Khartoum. Wawili hao walikuwa maadui wa miaka 20, sasa wamekaa kando ya ziwa moja. Walikaa wiki nyingi, wakati mwingine wawili tu chumbani, wasaidizi wakisubiri nje. Jeshi, mafuta, madaraka na maeneo ya mpakani viliandikwa kimoja baada ya kingine. Mapato ya mafuta ya kusini yangegawanywa nusu kwa nusu baada ya majimbo yanayozalisha kupewa asilimia 2. Novemba 2004 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilihamishia kikao chake Nairobi ili kuwasukuma wamalize kabla ya mwaka kwisha.

Kisha ikaja ile Jumapili ya Nyayo. Rais Kibaki alikuwa mwenyeji. Museveni alikuwepo, Bashir alikuwepo, Colin Powell aliwakilisha Marekani. Wasudani waliotoka Kakuma na mitaa yote ya Nairobi waliimba kwa lugha zao na kucheza juani. Garang na Taha wakatia saini.

Lakini kuna jambo ambalo umati wa Nyayo haukuliona. Wiki sita hivi kabla ya siku hiyo, mwishoni mwa Novemba 2004, Garang alikuwa amekaa Rumbek katika mkutano mgumu na makamanda wake. Naibu wake, Salva Kiir, alikuwa amesusa na kukaa Yei, na uvumi ulisema anataka kuondolewa. Kiir alifika Rumbek akamweleza mkubwa wake mbele ya wote. Malalamiko yake makuu yalikuwa kwamba chama hakina ofisi wala taratibu. Kila kitu kimo ndani ya mkoba wa mwenyekiti, na akisafiri anasafiri na chama chote.

Walipatana. Ila shida ya mkoba haikuisha.

Siku 21

Julai 8, 2005 Garang alitua Khartoum kwa mara ya kwanza tangu 1983. Wenyeji wa mji huo hawakuwahi kuona umati wa namna ile. Mamilioni ya watu, wa kusini, wa Darfur, wa Nuba na Waarabu wa kawaida waliochoka na serikali yao, walijaa uwanjani. Ilikuwa kana kwamba Sudan Mpya imesimama pale kwa saa chache. Kesho yake aliapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais na kiongozi wa serikali ya kusini.

Mipango yake kwa kusini ilikuwa ya mtu aliyesomea kilimo. Alitaka pesa za mafuta ziwe mafuta ya kulainisha kilimo, na huduma za mjini ziwafuate watu vijijini badala ya watu kukimbilia mjini. Wazo la kujenga mji mkuu mpya Ramciel, karibu na pale mikoa mitatu ya zamani inapokutana, linahusishwa naye. Kwa njia hiyo hakuna kabila ambalo lingedai kwamba mji mkuu ni wao.

Julai 30 alikuwa Uganda kumtembelea rafiki yake wa Dar, Museveni. Jioni aliondoka kwa helikopta ya rais wa Uganda akielekea New Site, kambi yake karibu na mpaka wa Kenya. Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Helikopta iligonga mlima na wote waliokuwemo wakafa. Alikuwa ameshika wadhifa wake kwa siku 21.

Habari zilipofika Khartoum, ghasia zilizuka na watu zaidi ya 100 wakafa katika siku chache. Nairobi, familia zilizokuwa zimeanza kufunga mizigo kurudi nyumbani zilibaki zimeduwaa. Rebecca Nyandeng, badala ya kuchochea hasira, aliwaomba watu watulie na wailinde amani. Garang alizikwa Juba Agosti 6. Salva Kiir akachukua nafasi yake.

Mkoba umepotea, sasa?

Mkataba haukufa, na hilo lapaswa kuhesabiwa. Januari 2011 watu wa kusini walipiga kura, wengine wakipanga foleni hapahapa Kenya. Asilimia 98.83 walichagua kujitenga. Julai 9, 2011 nchi mpya ikazaliwa. Mwaka huohuo Machar alifika nyumbani kwa Nyandeng Juba akaomba msamaha kwa mauaji ya Bor ya 1991, machozi yakimtoka.

Lakini Milima ya Nuba na Blue Nile, waliopigana kwa ajili ya Sudan Mpya, waliachwa upande wa kaskazini bila kura kama hiyo, na vita vikarudi kwao mwaka 2011. Abyei bado inabishaniwa.

Na Desemba 15, 2013, kikosi cha kumlinda Rais kiligawanyika Juba, wafuasi wa Kiir kwa wafuasi wa Machar. Wanuer walisakwa nyumba kwa nyumba mjini. Bor, Malakal na Bentiu zikageuka majivu. Utafiti wa 2018 ulikadiria karibu watu 400,000 walikufa kutokana na vita hivyo. Nyandeng mwenyewe alirudi tena Nairobi, mahali palepale alipokaa wakati wa vita vya mumewe. Bintiye, Akuol de Mabior, ametengeneza filamu kuhusu familia hiyo na swali la kurudi nyumbani, No Simple Way Home, iliyotoka 2022.

Ugomvi wa mikoa pia ulirudi. Oktoba 2015 Kiir alitoa amri majimbo 10 yawe 28. Mwaka 2017 yakawa 32. Februari 2020, ili serikali ya pamoja iundwe, yakarudishwa 10 pamoja na maeneo matatu maalumu. Mipaka ilikuwa inahama kama kigingi cha hema, na kila kilipohamishwa kulikuwa na jamii iliyojikuta imekosa mto, malisho au visima vya mafuta. Kokora ya Nimeiri ilivaa tu nguo mpya. Machi 2025 Machar, ambaye kwa mujibu wa mkataba wa 2018 alikuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, aliwekwa kizuizini nyumbani kwake.

Kabla hatujawacheka majirani

Mkenya, usianze kutikisa kichwa mapema. Miaka mitatu tu baada ya sisi kuwa wenyeji wa amani ya Nyayo, ilikuwa zamu yetu kupatanishwa. Watu zaidi ya 1,100 walikuwa wameuawa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Kofi Annan aliketi na pande mbili katika hoteli ya Serena, na Februari 28, 2008 Kibaki na Raila wakatia saini mbele ya Harambee House. Kutoka pale hadi Nyayo ni mwendo wa mguu.

Sisi pia tulikuwa na kituo kimoja kilichoamua ni wapi lami ifike. Tulichofanya ni kuandika mgawanyo huo katika Katiba ya 2010, tukaupigia kura. Kaunti 47 zina mipaka ambayo rais hawezi kuifuta kwa tangazo la jioni, na zina mgao wao wa pesa. Ugatuzi wetu una wezi wake, kila mtu anajua. Lakini haumo ndani ya mkoba wa mtu. Na hata hivyo, Oktoba 2017 Kawangware iliona majirani wakichomeana vibanda kwa sababu ya kura. Karatasi peke yake haitoshi.

Hapo ndipo Wunlit inaporudi. Garang alikuwa sahihi kuhusu ugonjwa wa Sudan. Alisema kituo kikila peke yake, pembe zitachomeka, na historia imemthibitisha, hata Khartoum yenyewe ambayo tangu Aprili 2023 imeharibiwa na vita vya majenerali wake. Alichokosea ni kuamini kwamba yeye mwenyewe angekuwepo siku zote kuibeba tiba. Mkataba wake ulimaliza vita kati ya Juba na Khartoum. Haukuwahi kuwakalisha chini watu wa Bor na wa Nasir, wa Equatoria na wa Bahr el Ghazal, wakatajiana wafu wao kama walivyofanya machifu chini ya mti. Waliokuwa na uwezo wa kuwakalisha walikuwa na haraka ya kugawana vyeo.

Mazungumzo bado yanaendelea kuletwa Nairobi. Mei 2024 yalizinduliwa mengine Ikulu, yakapewa jina Tumaini. Viongozi wanakuja, wanapigwa picha, wanaondoka.

Wanaobaki ni wale wa matatu ya 46. Mdinka na Mnuer wanaofanya kikundi kimoja cha masomo, wanaogawana kodi ya nyumba Kangemi, wanaocheza basketboli pamoja jioni. Wazazi wao pengine hawapigiani simu. Hao vijana hawana jeshi wala mafuta. Lakini wanajuana kwa majina, na wanajua nani alimpoteza nani. Garang, kwa elimu yake yote na ujasiri wake wote, hakupata muda wa kujenga kitu hicho. Siku watakaporudi nyumbani, watakuwa wamekibeba wengi, na hakuna helikopta moja inayoweza kuanguka nacho.